Mwanamke wa Wastani Ambaye Hakuwahi Kuzaliwa

Septemba 1945, wiki chache baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika, gazeti la Plain Dealer la mjini Cleveland, Marekani, liliwaalika wanawake wa jimbo la Ohio kwenye shindano. Waliotaka kushiriki hawakuulizwa kama ni warembo. Waliulizwa vipimo: urefu, uzito, kifua, kiuno, nyonga, paja na vingine hadi vikatimia tisa. Vipimo hivyo vingelinganishwa na vya sanamu ya mwanamke iliyopewa jina la Norma, ambayo jumba la makumbusho ya afya la mji huo lilikuwa limeinunua, na ambaye mwili wake ungeikaribia zaidi sanamu ndiye angeshinda. Norma alichongwa na Abram Belskie kwa maelekezo ya Robert Latou Dickinson, daktari wa magonjwa ya wanawake wa New York. Hawakumchonga kwa kumtazama mtu. Walichukua vipimo vya wanawake vijana wapatao 15,000, wote weupe, wakatafuta wastani wa kila kiungo, kisha wakaviunganisha viungo hivyo vya wastani kuwa mwili mmoja. Sanamu ikatangazwa kuwa ndiyo sura halisi ya mwanamke wa Marekani.

Wanawake 3,864 walituma vipimo vyao. Waandaaji walidhani watapata utitiri wa akina Norma, kiasi kwamba ushindi ungeamuliwa kwa tofauti za milimita. Haikuwa hivyo. Hakupatikana hata mmoja aliyelingana na sanamu katika vipimo vyote tisa, na waliolingana nayo katika vitano tu hawakufika 40. Mshindi mwenyewe, mkata tiketi wa ukumbi wa maonyesho, hakuwa sawa na Norma. Alikuwa amekosea kidogo kuliko wenzake. Hapo palitosha mtu kusema kwamba sanamu ndiyo iliyokosea. Lakini madaktari na wataalamu wengi wa wakati ule walisema kinyume: wanawake wa Marekani wameharibika miili, hawafanyi mazoezi, wamelegea. Bruno Gebhard, mkurugenzi wa jumba lile la makumbusho, alikuwa miongoni mwa waliolalamika kwamba wanawake hawako imara, akataka mkazo uwekwe kwenye mazoezi ya viungo. Takwimu zilionyesha kwamba miili hutofautiana, na zikasomwa kana kwamba zinaonyesha miili iliyoshindwa mtihani.

Madai ya makala hii yanatokana na kisa hicho. Leo wanawake wanapodai kwamba miili yao iheshimiwe jinsi ilivyo, mnene, mwembamba, mrefu, mfupi, mwenye makalio na asiye nayo, huambiwa kwamba wanapingana na sayansi kwa hisia. Historia ya vipimo vyenyewe haiwaungi mkono wanaosema hivyo. Tangu watu walipoanza kuipima miili kwa wingi, vipimo vimekuwa vikitoa ushahidi uleule: tofauti ndiyo kawaida. Kilichobadilika kutoka zama hadi zama ni uamuzi wa nani anapaswa kujirekebisha pale mwili na kigezo visipopatana. Kwa wanawake, uamuzi huo umekuwa ukiangukia upande mmoja.

Wastani wa mwili wa binadamu una mwasisi anayejulikana. Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyezaliwa Ghent mwaka 1796, alikuwa mtaalamu wa nyota. Wanajimu wa zama zake walikuwa na desturi ya kupima mahali ilipo nyota mara nyingi, wakijua kila kipimo kina kosa lake dogo, kisha wakachukua wastani wa vipimo vyote kuwa ndio ukweli. Quetelet akaihamisha hesabu hiyo kutoka mbinguni akaileta kwa watu. Alipokokotoa vipimo vya vifua vya askari 5,738 wa Uskoti, aliona vimejipanga kama makosa ya kupima nyota yanavyojipanga: vingi katikati, vichache pembeni. Akafasiri kwamba kuna kifua kimoja cha kweli ambacho maumbile yalikuwa yakikilenga, na kila askari ni jaribio lililokosea shabaha kidogo. Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Nyota ni moja na vipimo vyake ni vingi, lakini askari walikuwa 5,738 na vifua vyao 5,738, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kosa la kingine. Quetelet alifika mahali pa kuuona wastani kuwa ndio ukamilifu wa uzuri, na unono na ukonde kuwa ni kupotoka. Ni yeye pia aliyetupa hesabu ya kugawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, ambayo leo imebandikwa katika kliniki nyingi kwa jina la BMI.

Katika karne ileile ya Quetelet, wanasayansi wengine wa Ulaya walikuwa na hamu ya kuwapima wanawake wa Kiafrika, nao hawakutafuta wastani, walitafuta kioja. Sarah Baartman, Mkhoikhoi kutoka Rasi ya Afrika Kusini, alipelekwa London mwaka 1810 akaonyeshwa kwa kiingilio mtaa wa Piccadilly kwa sababu ya makalio yake, kisha akahamishiwa Paris. Mwaka 1815 wanasayansi walimkagua na kumchora. Mwishoni mwa mwaka huohuo akafariki, na Georges Cuvier, bingwa wa elimu ya viumbe, akaupasua mwili wake na kuhifadhi mifupa, ubongo na sehemu zake za siri. Serikali ya Afrika Kusini ilimpata na kumzika mjini Hankey tarehe 9 Agosti 2002. Francis Galton, ambaye baadaye alibuni jina la elimu ya kuboresha vizazi vya watu, alikuwa kusini magharibi mwa Afrika mnamo 1850. Alimwona mwanamke wa Kinama aliyemstaajabisha kwa umbo, akaona haya kumwomba ampime, akasimama mbali na kutumia sekstanti, chombo cha mabaharia cha kupimia nyota na jua, akapata vipimo vyake kwa hesabu za pembe bila mwenyewe kuombwa ruhusa. Alikiandika kisa hicho kitabuni mwaka 1853 kwa kujisifu. Cuvier alikuta umbo ambalo ni la kawaida kwa wanawake wengi wa jamii ya Baartman, akaliandika kama ushahidi wa unyama. Mizani iliyomwona askari wa Uskoti kuwa karibu na ukamilifu ndiyo iliyomfanya Baartman kuwa kituko.

Karne ya ishirini ilikuja na wapimaji wa aina nyingine, wenye biashara mkononi. Makampuni ya bima ya maisha ya Marekani yalitaka kujua nani atakufa mapema, na kampuni ya Metropolitan Life, chini ya mtakwimu wake Louis Dublin, ilitoa mwaka 1942 na 1943 majedwali ya uzito uliodaiwa kuwa bora kwa wanawake na wanaume. Waliopimwa walikuwa wenye uwezo wa kununua bima. Majedwali yaligawa watu katika maumbo matatu, dogo, la kati na kubwa, bila kueleza mtu atajuaje lake ni lipi. Tena yaliuchukua uzito wa mtu wa miaka 25 au zaidi kidogo yakaufanya kuwa uzito bora wa maisha yote, kana kwamba mwanamke aliyezaa watoto watano na kufika miaka 50 anatakiwa kurudi alipokuwa siku ya harusi yake. Kwa karani wa bima haya yalikuwa makadirio ya hasara na faida. Yalipofika kwenye magazeti na kuta za zahanati yakawa hukumu.

Upande wa nguo kulifanyika kazi kubwa zaidi. Kati ya 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani, kwa fedha za mpango wa kuwapa kazi wasio na ajira, ilituma vikundi vya wapimaji katika majimbo kadhaa. Ruth O'Brien na William Shelton, waliousimamia utafiti huo, walichapisha mwaka 1941 matokeo ya wanawake 14,698, kila mmoja akiwa na vipimo 59. Lengo lilikuwa jema: wenye viwanda walikuwa wakikisia saizi, na wanawake walionunua nguo kwa posta walikuwa wakizirudisha. Lakini vipimo vya wanawake wasio weupe viliondolewa katika hesabu, na kwa kuwa waliojitolea walilipwa kifuta jasho, kuna sababu ya kushuku kwamba maskini wenye lishe duni waliingia kwa wingi. Hata hivyo tofauti zilifurika. Ulipotoka mwongozo rasmi wa saizi mwaka 1958, ilibidi namba zifuatwe na herufi za urefu na alama za kuongeza au kupunguza nyonga, na bado haukuwatosha wanunuzi. Mwaka 1983 serikali iliufuta. Tangu hapo kila kampuni ina saizi 12 yake, jambo ambalo mchuuzi yeyote wa mitumba wa soko la Karume au la Gikomba analijua bila kusoma historia: nguo mbili zenye lebo moja hutoka katika belo moja na haziwezi kumtosha mtu mmoja. Dada anayejaribu gauni tatu za saizi "yake" na zote zikagoma, huulaumu mwili wake. Angelaumu lebo angekuwa karibu zaidi na ukweli.

Kwa nini wastani wa viungo vingi usipate mwenyewe? Hesabu yake si ngumu. Tuseme tunawahesabu kuwa "wa kati" wale walio katika theluthi ya katikati kwa urefu. Chukua hao, uulize ni wangapi pia wako katika theluthi ya katikati kwa kiuno. Utabakiwa na sehemu tu. Endelea kwa nyonga, paja, shavu la mguu. Kama viungo vingekuwa havihusiani kabisa, kwa vipimo tisa angebaki mtu mmoja kati ya 19,683. Viungo vinahusiana kiasi, kwa hiyo hali si kali hivyo, lakini uhusiano wenyewe ni dhaifu kuliko tunavyodhani: mwenye kifua kikubwa anaweza kuwa na nyonga nyembamba, na mrefu akawa na mikono mifupi. Norma alikosa pacha kwa sababu ya hesabu. Uvivu wa wanawake wa Ohio haukuhusika.

Ushahidi kwamba uamuzi ungeweza kuwa mwingine ulitoka Marekani hukohuko, kwa wanaume. Mwaka 1950 Jeshi la Anga liliwapima marubani zaidi ya 4,000, kwa kuwa ndege zilikuwa zikianguka na chumba cha rubani kilikuwa kimeundwa kwa vipimo vya wastani vya miaka ya 1920. Luteni kijana, Gilbert Daniels, alichagua vipimo kumi akatafuta marubani walio karibu na wastani katika vyote. Kati ya 4,063 hakupata hata mmoja. Matokeo hayo aliyaandika katika ripoti yake ya 1952. Hakuna jenerali aliyewaambia marubani wakafanye mazoezi mpaka mikono yao iwe ya wastani. Waliambiwa waunda ndege: tengenezeni viti vinavyosogea, pedali zinazorekebishwa, mikanda ya kofia inayoongezwa na kupunguzwa. Mwenye kejeli atasema rubani ana thamani, kumfundisha ni ghali na ndege yake ni ghali zaidi. Ni kweli, na hilo ndilo linaloumiza katika ulinganisho huu.

Sasa kuna pingamizi zinazostahili jibu, na nzito kuliko zote ni ya afya. Kisukari na shinikizo la damu si uzushi wa makampuni ya bima. Vinaua, na katika miji ya Afrika Mashariki uzito uliozidi miongoni mwa wanawake umekuwa ukipanda. Anayekana uhusiano kati ya mafuta mengi ya tumboni na maradhi hayo anapoteza hoja kabla hajaianza. Lakini tuitazame namba inayotumika kuhukumu. Ancel Keys, aliyeipa hesabu ya Quetelet jina la BMI mwaka 1972, aliijaribu kwa wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano. Wanawake hawakuwamo. Mwaka 1998 taasisi za afya za Marekani ziliushusha mpaka wa uzito uliozidi. Kwa wanawake ulikuwa 27.3, ukawa 25, na mamilioni wakabadilishiwa hali yao bila kuongezeka gramu. Mwaka 2004 wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani waliona kwamba kwa watu wengi wa Asia hatari huanza mapema zaidi, wakapendekeza 23 iwe alama ya kuanza kuchukua tahadhari. Mwaka 2023 Chama cha Madaktari cha Marekani kikakiri rasmi kwamba BMI ikitumika peke yake ina kasoro kwa mtu mmojammoja. Basi anayesema miili hutofautiana hapingani na daktari. Daktari makini anasema hivyohivyo, ndiyo maana hupima kiuno, sukari, presha na kuuliza historia ya ukoo. Upande wa pili nao unasahaulika: mwembamba anayesifiwa kila apitapo anaweza kuwa na sukari asiyoijua, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumpima.

Pingamizi la pili husikika zaidi huku kwetu: hayo ni matatizo ya Wazungu wanaoabudu ukonde, sisi mwanamke mwenye mwili tumemheshimu tangu enzi. Anayesema hivyo amebadilisha kigezo tu. Novemba 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, katika mkoa wa Kagera wa leo, akapokewa vizuri na Mukama Rumanika. Wanawake wa jamaa ya mfalme walinoneshwa kwa maziwa hadi wakashindwa kusimama, na unono wao ulikuwa ndiyo sifa ya nyumba. Speke alimwomba shemeji mmoja wa mfalme ampime kwa futi, naye akakubali baada ya Speke kuahidi kumwonyesha miguu na mikono yake mwenyewe bila nguo. Mkono wake ulikuwa na mzunguko wa sentimita kama 58, kifua 132, paja 79. Kando yake alikaa binti yake wa miaka kumi na sita akinywa maziwa, baba akiwa ameshika fimbo ili asiache. Picha hiyo ina wapimaji wawili, mgeni mwenye futi na mwenyeji mwenye fimbo. Unono ule ulitangaza utajiri wa ng'ombe wa ukoo. Binti mwenyewe hakuulizwa. Desturi ya kuwalisha wasichana kwa nguvu ilidumu Mauritania hadi nyakati zetu. Kuwakejeli mabinti wembamba kwamba ni "mifupa mitupu" na kuwauliza wataolewa na nani ni mwendelezo wa fimbo ile, hata kama siku hizi inashikwa na shangazi sebuleni.

Wapo pia wanaodhani hoja nzima ni mtindo wa kuuza sabuni na picha za mitandaoni. Biashara imeingia, hilo halifichiki; kampuni ya Unilever ilianza mwaka 2004 kampeni ya sabuni ya Dove ya kusifu miili halisi huku nayo ikiuza krimu ya kung'arisha ngozi ya Fair & Lovely, jina ililolibadilisha mwaka 2020 tu. Ila chanzo kiko kwingine. Mwaka 1973 Judy Freespirit na mwenzake aliyejulikana kwa jina la Aldebaran, wanawake wanene wa kikundi kidogo cha Los Angeles, waliandika ilani yao ya ukombozi. Kundi lao lilikuwa likisoma majarida ya kitabibu lenyewe na kugundua kwamba mipango ya kupunguza uzito iliyouzwa kwa wanawake ilishindwa kwa walio wengi. Walipinga kwa takwimu. Hisia zilikuwepo, na zilikuwa na haki ya kuwepo.

Pingamizi la mwisho ni la mafundi na wahandisi: tukiutupa wastani tutashona vipi kwa maelfu, tutaunda vipi vitanda vya wajawazito na viti vya mabasi? Hakuna haja ya kuutupa, na kuna mahali ambapo wanawake wameumia kwa kukosa hata huo wastani wao. Wanasesere wanaotumika kujaribu ajali za magari waliundwa kwa mwili wa mwanamume wa kati. Aliyewakilisha wanawake kwa miaka mingi alikuwa mwanamume huyo aliyepunguzwa, mfupi wa kama mita moja na nusu na mwenye kilo 49 hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Chuo Kikuu cha Virginia ulionyesha kwamba madereva wa kike waliofunga mkanda walikuwa na uwezekano wa kuumia vibaya uliozidi wa wanaume kwa asilimia 47. Astrid Linder, mhandisi wa Sweden, na wenzake walionyesha mwaka 2022 mwanasesere wa kike wa sentimita 162 na kilo 62. Huo nao ni wastani, na hakuna abiria atakayefanana naye kwa kila kiungo. Tofauti na Norma, huyu anapotumika katika jaribio la kugongwa kwa nyuma na shingo yake ikaonyesha dalili ya kuumia, kinachorudishwa kiwandani ni kiti, mkanda na egemeo la kichwa, japo sheria za majaribio katika nchi nyingi bado hazimlazimishi mtengenezaji wa gari kumtumia.